Madaftari Manne ya Shangazi

Mvua za mwaka huu zilipenya paa la stoo ya shule ninapofundisha, zikalowesha katoni mbili za vitabu vya mazoezi. Nilipofungua mlango asubuhi nilipokewa na harufu ya karatasi mbichi na wino ulioanza kuachia. Mwenzangu aliyekuja na tambara la kupigia deki alinikuta nje nimekaa kwenye ngazi, akaniuliza kama nimeshikwa na kizunguzungu. Nikamwambia ni joto. Halikuwa joto. Harufu ile naijua tangu nina miaka tisa, na kila ikinijia najiona nimechuchumaa uani kwetu Jomvu Kuu, mikono yote miwili ndani ya beseni, navuruga.

Niseme mapema, mtu asije akadhani nakuja kumsema mwingine. Mama yangu alifanya aliyoyafanya, lakini mdomo uliopeleka habari ulikuwa wangu.

Shangazi Rukia, dada yake baba, alikuja kukaa kwetu baada ya kuachwa na mumewe. Siku aliyofika sikuwapo. Nilirudi kutoka chuoni, juzuu ya Kurani kwapani, nikamkuta chumbani kwangu ameketi kwenye kitanda changu, sanduku la bati miguuni. Tangu siku hiyo kitanda kikawa cha watu wawili, na upande wa ukutani ukawa wake. Baba alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Akishatoka na kontena kwenda bara tulikuwa hatumwoni wiki nzima, pengine mbili. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya wanawake: mama, shangazi na mimi. Mama na shangazi walikaa vizuri, kwa maana kwamba hawakugombana. Walipokezana mbuzi ya kukunia nazi, walipokezana zamu ya kufua, na kila mmoja alimwita mwenzake "wifi" kwa adabu iliyozidi kidogo.

Shangazi alipata kibarua katika godauni la majani ya chai upande wa Changamwe. Alirudi alasiri, buibui lake na nywele zake zikinukia chai kavu, na mimi niliipenda harufu ile kuliko udi. Alikuwa akioga, akisali, akila, kisha akipanda kitandani na kuegemea ukuta na daftari magotini. Aliandika mashairi. Si ya kupeleka popote. Aliyaandika, akayasoma kwa macho, akafuta neno hapa na pale, akafunga daftari.

Mashairi ya kwetu yana mizani: silabi nane, unapumua, silabi nane tena. Shangazi alizihesabu kwenye pingili za vidole. Kidole gumba kilipita pingili moja baada ya nyingine, midomo ikicheza bila sauti. Mimi nilikuwa nimeona watu wakifanya hivyo mahali pamoja tu, kwenye mswala baada ya sala, wanapovuta uradi. Basi nikimwona shangazi anahesabu, nilikuwa nikipunguza sauti na kutembea kwa ncha za vidole. Nilidhani anaongea na Mungu, na pia nilidhani Mungu ana mambo mengi sana na shangazi.

Siku moja aliniita. "Hebu ndoo. Sikiza, kisha utegue."

Akanisomea ubeti huu, ambao ndio pekee nilionao hadi leo:

Nalizawa mnazini, huko juu napepewa,
Leo niko sakafuni, wima sijaruhusiwa,
Nazunguka humu ndani, kiunoni nafungiwa,
Nikimaliza pembeni, mgongo nageuziwa.

Nikasema mnazi. Akacheka. Nikasema nazi. "Nazi gani yenye kiuno, mwanangu? Nenda kafikiri." Nilifikiri siku tatu nzima, hata chuoni, hata nikala fimbo mbili kwa kutosikia naitwa. Siku ya tatu nafagia uani, nikasimama katikati ya vumbi nikiutazama ufagio wa chelewa mkononi mwangu, na kamba yake kiunoni. Nilikimbia ndani nikipiga mayowe. Shangazi akanipa kashata nzima, nikaila mbele ya mama makusudi ili aulize nimepewa kwa nini. Hakuuliza.

"Mbona huyapeleki redioni?" nilimwuliza shangazi.

"Redioni kuna wenyewe. Haya ni yangu mimi."

Baadaye nilikuja kujua kwamba mumewe alikuwa na tabia ya kuchukua madaftari yake na kuwasomea rafiki zake barazani kwa sauti ya kubana pua, wakicheka. Ndiyo maana alizoea kuficha. Madaftari matatu aliyaweka sandukuni. La nne, lenye jalada la kijani, lilikaa chini ya godoro upande wake.

Hilo la kijani halikuwa na beti. Nililiona mara mbili tatu akiwa analiandika: alikuwa akipiga mistari kwa rula, ya kusimama na ya kulala, mpaka ukurasa ukajaa miraba. Miraba mingine aliipaka wino ikawa myeusi kabisa. Iliyobaki alitia herufi, kila mraba herufi yake. Leo mtoto yeyote angekwambia kwamba lile ni fumbo la maneno, lile la gazetini la kujaza herufi. Lakini kwetu gazeti lilifika likiwa limefungia samaki, na nusu yake imelowa. Sikuwahi kuona fumbo la maneno maishani mwangu. Shangazi aliyaona kwenye magazeti ya zamani kule godauni, akapenda, akaanza kutunga ya kwake.

Mimi miraba yenye herufi nilikuwa nimeiona mahali pengine. Nilivaa hirizi tangu utoto, kijifuko cha ngozi shingoni, kama watoto wengi wa mtaa wetu. Siku moja nikiwa naoga ngozi ilipasuka. Nikachungulia ndani. Palikuwa na kikaratasi kilichokunjwa mara nyingi, na nilipokikunjua nikaona miraba, na ndani ya kila mraba herufi moja ya Kiarabu. Mama alinikuta, akanipiga kofi mkononi, akakishona upya siku ileile. Wasichana wakubwa wa chuoni walinimalizia elimu: ziko za kinga na ziko za kudhuru, na ile ya kudhuru hutiwa jina la mtu.

Mwaka huo mama alikuwa mjamzito. Mimba mbili zilikuwa zimeharibika kabla ya hiyo, na mama alitembea ndani ya nyumba kama mtu aliye kwenye sakafu yenye sabuni. Usingizi ulikuwa umemtoroka. Asubuhi macho yake yalikuwa mekundu, na ukimwuliza jambo alikuwa akikujibu la jana.

Basi ikawa siku moja, shangazi yuko kazini, natandika kitanda, daftari la kijani likaanguka chini likafunguka. Nikasoma. Nilikuwa mwepesi wa kusoma, na nilijivunia hilo. Herufi zilishuka kutoka juu kwenda chini, moja moja: F, A, T, U, M, A. Fatuma ni jina la mama yangu. Na pale kwenye T lilianza neno jingine, likienda kulia: TUMBO. Kandokando, miraba myeusi.

Laiti ningefunua ukurasa wa mwisho wa daftari! Huko ndiko alikoandika maswali. Sikufunua. Nililirudisha chini ya godoro, nikanawa mikono kwa sabuni, nikakaa na siri yangu siku mbili. Nilimpenda shangazi. Nataka hilo lieleweke. Nilimpenda na nikamwogopa kwa wakati mmoja, na kitandani nililala ukingoni kabisa.

Siku ya tatu mama aliona damu. Jirani alimpeleka kliniki, akarudishwa akaambiwa alale tu, asiinue hata sufuria, mpaka siku zake zifike. Nilimpelekea maji kitandani.

"Mama, jina lako limo kwenye daftari la shangazi."

"Jina langu lafanya nini humo?"

"Limetiwa kwenye miraba. Kama ya hirizi. Na tumbo pia."

"Tumbo gani?"

"Imeandikwa tumbo. Limepita kwenye jina lako."

Mama akaketi. "Lilete."

Nikalileta. Aliutazama ukurasa ule kwa muda mrefu, akipitisha kidole hewani bila kuugusa. Alikuwa amesoma mpaka darasa la nne, na herufi sita za jina lake alizijua vizuri. Hakupiga kelele. Alilifunga daftari na kuniambia nilete na yale mengine, yote, kwa kuwa hakujua lipi lina nini.

Kwetu karatasi yenye maandishi ya namna hiyo haichomwi moto. Pengine jina la Mungu limo, na hilo halichomwi wala halitupwi jaani. Hata kurasa za juzuu zilizochakaa hufanyiwa hivyo: hutiwa majini mpaka wino utoke, kisha maji humwagwa pasipokanyagwa na miguu ya watu. Na mama alikuwa na hofu yake nyingine, kwamba kibaya kilichoandikwa ukikichoma hupanda na moshi kikaenea. Kwa mwalimu wa chuoni hakutuma mtu. Aliona haya kumshitaki wifi yake mbele ya mtu wa nje. Alifanya alilolijua, ila alikuwa amekatazwa kuinuka, kwa hiyo mikono iliyofanya kazi ilikuwa yangu.

Nilijaza beseni la bluu maji ya kisima. Nikatia marashi, kama alivyoniagiza kutoka kitandani, kupitia dirisha la uani. Nikachana ukurasa mmoja mmoja nikizamisha. Niseme kweli, nilijisikia mkubwa. Nilijiona ndiye ninayemwokoa mama na mtoto wake. Wino uliachia taratibu, herufi zikanenepa, zikatambaa, maji yakawa ya bluu kisha karibu meusi. Katikati ya kazi ukurasa mmoja ulipita chini ya kiganja changu na nikaona neno "mnazini". Nikaujua ubeti wangu. Mkono ulisimama. Nilijua kabisa, kwa akili yangu ya miaka tisa, kwamba huu si uchawi, huu ni ufagio. Halafu nikaendelea kuvuruga, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza, na kwa sababu mama alikuwa akinitazama. Hilo sijajisamehe.

Maji nikayamwaga chini ya mstafeli nyuma ya nyumba. Karatasi nilizikamua zikawa madonge, nikazifukia hapohapo.

Shangazi aliporudi alasiri aliiona mikono yangu kabla hajavua viatu. Ilikuwa ya bluu mpaka kwenye vifundo.

"Mikono hiyo imefanya nini?"

Nikaificha mgongoni. Mama akaita kutoka chumbani, "Wifi, ndoo huku."

Nilisimama mlangoni, nyuma ya pazia. Mama alikuwa amelala, miguu juu ya mto, mkono tumboni.

"Nimeyaona, wifi," mama alisema. "Nimeyatia maji. Kakako simwambii, wallahi. Lakini humu ndani huwezi kulala tena."

"Umetia maji nini?"

"Wajua mwenyewe."

"Madaftari yangu?"

"Yote manne."

Shangazi alishika fremu ya mlango. "Yote," alisema. Alimtazama mama, akautazama ule mto chini ya miguu, na ule mkono tumboni. Mimi nilingoja ajitetee, au alaani, au alie. Kisha akauliza, "Na sasa wahisi vipi?"

"Afadhali. Tangu yamwagwe maji hayo, tumbo limetulia. Nimelala kidogo."

"Basi alhamdulillahi," shangazi akasema, akaenda kukusanya nguo zake.

Nilichukulia kwamba amekiri. Niliona mchawi aliyefumaniwa ndivyo anavyoondoka, kimya kimya, bila ubishi. Alipanga chumba mtaa wa Shika Adabu, ng'ambo ya kivuko cha Likoni, na kila siku akavuka kwenda kazini. Baba aliporudi aliambiwa kwamba dada yake ametaka chumba chake mwenyewe. Alikubali, kwa sababu ilikuwa rahisi kukubali.

Ndugu yangu Athmani alizaliwa mzima, na sauti ya kuamsha mtaa. Leo ana ndevu. Mama aliwasimulia jamaa habari ya beseni bila kutaja mtu, lakini nani hakujua? Kwenye arusi na akika za watoto shangazi alikaribishwa, akapewa chai, akapewa pahali pa kuketi. Mtoto mchanga akipitishwa mkono kwa mkono, zamu ya shangazi ilirukwa. Mtoto alipewa aliyeketi baada yake. Nilikuwa nikiliona hilo nikiwa mtoto na kudhani ndivyo inavyopasa.

Nilikuwa kidato cha pili mwalimu wa Kiswahili alipochora fumbo la maneno ubaoni. Akapiga mistari, akapaka chaki mirabani, akaandika maswali pembeni, kwenda kulia na kwenda chini. Darasa lilichangamka. Mimi niliomba ruhusa nikatoka, na sikurudi tena darasani siku hiyo.

Jumamosi hiyo nilivuka Likoni. Nilimkuta anachambua mchele.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umerefuka mno!"

Nilimwambia yote kwa kilio, sentensi zikikatika. Aliniacha nimalize. Alikuwa akijua tangu siku ile kwamba ni mimi, kwa sababu ya mikono.

"Mbona hukumwambia mama?" niliuliza. "Neno moja tu, kwamba ni mchezo."

"Mamako alikuwa hana usingizi miezi na miezi. Siku ile niliyaona macho yake yametulia. Ningemwambia huo ni mchezo wa maneno, angebakiwa na nini? Angeanza kutafuta mwingine anayemroga, au angejilaumu mwenyewe. Na mimba yenyewe ilikuwa ikining'inia."

"Nitamwambia mimi."

"Usimwambie. Niahidi. Maadamu niko hai, usimwambie. Nisije nikaletewa msamaha hapa mlangoni, ukanipa kazi ya kuupokea."

Nikaahidi. Nikamwuliza habari ya mashairi. Alisema machache yamebaki kichwani, mengi yamekwenda, na kwamba hajaandika tena. Alisema bila lawama, kama mtu anayekwambia ameacha kutia sukari kwenye chai. Mimi ningependa anilaumu.

Kabla sijaondoka nilimwomba aniambie maswali yalikuwaje. Alifurahi kuulizwa, nadhani hakuna aliyewahi kumwuliza. Tumbo: "Hunguruma na mawingu hayapo." Tulicheka. Na Fatuma? "Aliyenifungulia mlango nilipoachwa. Herufi sita."

Ahadi ile niliitunza zaidi ya miaka ishirini. Sijifanyi mwaminifu. Ilinifaa. Kila nilipotaka kusema niliogopa uso wa mama, kisha nikajiambia nimeahidi.

Shangazi Rukia alifariki mwaka jana, kwa sukari. Siku ya tatu ya matanga wanawake walijaa ukumbini kwetu Jomvu, na mama akiwa amekaa katikati yao alisema, "Mimi nimeshamsamehe. Alilonitendea nimemwachia Mungu." Wakamwitikia kwamba ana moyo, si kila mtu angeweza. Nilikuwa nimebeba sinia la vikombe. Nililiweka chini, nikamwomba mama aje jikoni kidogo.

Nilimwambia nimesimama. Fumbo la maneno ni kitu gani, mimi nilisoma nini na sikusoma nini, ubeti wa ufagio, na kwa nini shangazi alinyamaza. Mama alikuwa akipangusa kikombe kimoja, akakipangusa mpaka mwisho wa maneno yangu.

"Na Athmani?" akauliza.

"Athmani alizaliwa kwa sababu ulilala kitandani kama walivyokwambia kliniki, mama."

Nilingoja akatae. Ana miaka sabini na kitu, na hadithi ile ya beseni alikuwa ameishi nayo maisha ya Athmani yote. Nilikuwa tayari kwa ghadhabu yake.

"Na mimi," alisema, "swali langu lilikuwa lipi?"

"Aliyenifungulia mlango nilipoachwa."

Mama akaweka kikombe.

"Alifungua babako," akasema. "Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, namwambia asifungue. Nilisema nyumba hii haina nafasi ya mwanamke aliyeachwa. Nilisema kwa sauti."

"Alisikia?"

"Mlango wa mabati, mwanangu. Alisikia yote."

Kisha akajifunga leso vizuri, akarudi ukumbini, na nikamsikia akiwaomba wale wanawake wanyamaze, ana la kuwaambia. Alianzia kwenye mlango.